Nani Alimuuliza Barbara Gordon Kama Anataka Kupona?

Septemba 2011, kampuni ya DC Comics ya Marekani iliamua kuanza upya: majarida 52 ya katuni, yote yakihesabiwa kuanzia toleo namba 1. Katika mojawapo, Batgirl, Barbara Gordon anaonekana akirukaruka usiku juu ya mapaa ya mji wa Gotham, amevaa vazi lake la popo. Aliyelishika jarida hilo kwa mara ya kwanza hakuona ajabu yoyote. Lakini waliomfuata Barbara tangu zamani walimjua akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na walikuwa wamemjua hivyo kwa zaidi ya miaka 20, tangu risasi ilipomharibu uti wa mgongo. Sasa anapiga watu mateke. Maelezo yalikuja vipande vipande: alikwenda kwenye kliniki moja Afrika Kusini, akafanyiwa upasuaji wa majaribio, akatembea.

Wapo walioshangilia. Wapo walioona kama wamefiwa. Jill Pantozzi, mwandishi wa habari za komiki mwenye ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli, na mwenyewe anatumia kiti cha magurudumu, aliandika mwaka huohuo kwamba Barbara wa kwenye kiti alikuwa na nguvu kuliko Batgirl atakavyowahi kuwa. Na aliyepewa kazi ya kumwandika Batgirl huyu mpya, Gail Simone, ndiye aliyekuwa amemwandika Barbara wa kwenye kiti kwa miaka mingi na kumpendesha kwa wasomaji wale wale waliokuwa wakilia.

Mjadala ule haujaisha, na kinachoukwamisha ni kwamba pande mbili hazijibizani. Anayeuliza "kwa nini asipone?" anazungumzia mwili wa mtu. Anayeuliza "kwa nini mmemponya?" anazungumzia ukurasa wa kitabu, na nani anaruhusiwa kuonekana humo. Yote mawili ni maswali ya haki. Ila jibu la moja haliwezi kuwa jibu la jingine, na tukiyaacha yamefungamana tutaendelea kugombana bure kila mara shujaa anapoinuka kitandani.

Risasi ya mlangoni

Chanzo ni kitabu cha mwaka 1988, The Killing Joke, kilichoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Brian Bolland. Ni kifupi, na kurasa za Barbara humo ni chache. Anafungua mlango wa nyumbani kwa baba yake, Kamishna wa polisi James Gordon. Nje amesimama Joker, adui mkubwa wa Batman, amevaa shati la maua kama mtalii, ana kamera, ana bastola. Anampiga risasi. Kisha anamvua nguo na kumpiga picha akiwa sakafuni anavuja damu, ili picha hizo zikatumike kumtia baba yake wazimu. Kuanzia hapo hadithi ni ya wanaume watatu: Joker, Batman na Kamishna. Barbara amepooza ili baba yake apate cha kuumia. Kampuni haikuwa na mpango mwingine naye.

Waliomwokota ni mume na mke, John Ostrander na Kim Yale. Katika jarida lao la Suicide Squad, mwanzoni mwa 1989, yalianza kutokea maandishi kwenye skrini ya kompyuta kutoka kwa mtu anayejiita Oracle. Haonekani sura, hasikiki sauti, ila habari anazotoa ni za kweli kila mara. Wasomaji walikuja kuambiwa baadaye kwamba huyo ni Barbara. Tangu zamani alikuwa mkutubi, mtu wa kutafuta, kupanga na kukumbuka, na Yale na Ostrander waliichukua fani hiyo wakaikuza mpaka ikawa silaha kubwa kuliko ngumi.

Mwaka 1996 wakaandika hadithi fupi ya miezi yake ya kwanza baada ya risasi, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora kabisa iliyowahi kufanywa juu ya mhusika huyu. Kuna hospitali, kuna hasira, kuna mazoezi ya viungo yanayochosha, kuna kujifunza kupigana kwa vijiti viwili akiwa ameketi. Kuna pia Barbara kumkabili Batman. Mwisho wa kitabu cha 1988 Batman na Joker wanasimama kwenye mvua wakicheka pamoja, na kwa miaka minane hakuna aliyekuwa amemuuliza mwanamke aliyepigwa risasi anaonaje kicheko hicho. Hapa anauliza mwenyewe: je, mimi ni mzaha wenu ninyi wawili tu? Kwa swali hilo moja, mtu aliyekuwa chombo cha hadithi ya wengine anageuka mwenye hadithi yake.

Baada ya hapo Oracle alitawala. Akiwa ndani ya mnara wa saa wa Gotham, aliongoza kikosi cha wanawake cha Birds of Prey, akawa mwanachama wa Justice League, umoja wa mashujaa wakubwa wa DC, na Batman mwenyewe akawa hawezi kwenda kazini bila sauti yake sikioni. Kiti kilikuwepo kila ukurasa, na ngazi zilikuwa tatizo la kweli. Lakini hakuna aliyekuwa akimsubiri asimame ndipo hadithi ianze.

Mgongo wa Batman

Sasa tazama jambo ambalo wasomaji wenye ulemavu hawajachoka kulikumbusha. Mwaka 1993, katika Batman namba 497, jambazi Bane anamwinua Batman na kumvunjia mgongo gotini. Bruce Wayne, ndilo jina halisi la Batman, anaingia kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka uliofuata yuko juu ya mapaa tena. Aliyemponya ni daktari wake, Shondra Kinsolving, mwanamke mwenye kipaji cha ajabu cha kuponya. Kazi hiyo inamgharimu akili yake: anamaliza akiwa amerudi kuwa kama mtoto mdogo.

Ni mji mmoja, kampuni moja, jeraha linalofanana. Mwanaume anapona ndani ya mwaka mmoja, tena kwa gharama ya mwanamke mwingine. Barbara, binti wa rafiki yake, anayefanya naye kazi kila usiku, habari za kuponywa kwake hazitajwi kwa uzito wowote. Mwaka 1999 Gail Simone, kabla hajaanza kuandika komiki, aliweka hadharani orodha ya mashujaa wa kike waliouawa, kubakwa, kulemazwa au kunyang'anywa nguvu ili kuusukuma mkasa wa mwanaume fulani. Jina la Barbara limo. Katika majibizano yaliyofuata kanuni nyingine ikajitokeza: wanaume nao huumizwa na kufa, ila kwa kawaida hurudishwa walivyokuwa. Wanawake huachwa hivyo hivyo.

Ukiishikilia kanuni hiyo peke yake, utasema kumponya Barbara mwaka 2011 kulikuwa kusawazisha dhuluma. Na kuna ukweli hapo. Risasi ile haikuwa ajali ya maisha, ilikuwa uamuzi wa wahariri uliomdharau. Kwa nini mtu aendelee kubeba milele matokeo ya dharau hiyo? Simone alilichukua swali hilo kwa uzito. Katika toleo lake la kwanza Barbara anaelekezewa bastola mahali pale pale risasi ilipopita, naye anaganda, na mtu anakufa kwa sababu ya kuganda huko. Adui wa hadithi ile anawaua watu walionusurika kimiujiza, kana kwamba kunusurika ni deni. Barbara anaishi na hatia ya aliyepona huku wengine hawakupona. Kwa maana nyingine, Simone alifanya tiba iwe na uzito, na hilo ni nadra sana katika komiki.

Dunia yenye vyombo vya anga

Hoja inayosikika zaidi kuliko zote ni hii: katika dunia ambayo watu wanafufuka, miili inatengenezwa maabara na wageni wa sayari nyingine wana dawa za kila kitu, haiwezekani mtu abaki amepooza. Inaonekana hoja ya akili ya kawaida. Mimi naiona dhaifu, na ushahidi wake umo ndani ya komiki zenyewe.

Mwaka 1982 kampuni ya Marvel ilitoa The Death of Captain Marvel, kazi ya Jim Starlin. Shujaa Mar-Vell, aliyepigana na majitu ya anga, anaugua saratani. Wanasayansi wote wakubwa wa dunia ile wanakusanyika: wenye mashine za kusafiri kwenye ulimwengu mwingine, waliotengeneza roboti zenye fahamu. Wanashindwa. Rafiki yake kijana, Rick Jones, anawakaripia kwa kuwa na akili zote hizo na kutokuwa wameishughulikia saratani kabla haijamfika mwenzao. Mar-Vell anakufa kitandani, na hajarudi kama Barbara alivyorudi.

Hakuna aliyelalamika kwamba hilo si la kuaminika. Wasomaji walielewa kwamba komiki za mashujaa zimesimama juu ya mapatano: maajabu yote yaruhusiwe, lakini mitaa ibaki ile tunayoijua. Ndiyo maana Gotham bado ina maskini ingawa Bruce Wayne ni bilionea, na foleni za magari bado zipo ingawa wapo watu wanaopaa. Saratani ya Mar-Vell ilibaki kwa sababu Starlin alikuwa na jambo la kusema juu ya kifo. Kila uponyaji katika komiki ni uamuzi wa mwandishi na mhariri, na ukiambiwa kwamba "mantiki ya dunia ile" ndiyo iliyomsimamisha Barbara, jua kwamba mantiki hiyo ilikuwepo tangu 1989 na haikumsimamisha mpaka kampuni ilipotaka kumuuza tena kwa jina la Batgirl.

Ulemavu kama vazi la mchana

Barbara hakutokea hewani. Nyuma yake kuna zaidi ya nusu karne ya mazoea, na mazoea yenyewe yana sura mbili tatu zinazojirudia.

Ya kwanza ni kubadilishana. Desemba 1941 alitokea Freddy Freeman, kijana anayetembea kwa gongo baada ya kuumizwa na Captain Nazi. Akilitaja jina la Captain Marvel (yule wa zamani, asiye na uhusiano na Mar-Vell), anageuka kijana mwenye nguvu anayepaa. Mwaka 1962 akaja Donald Blake, daktari anayechechemea, ambaye akiigonga chini fimbo yake anageuka Thor, mungu wa radi. Zote ni ndoto za mtoto anayeonewa shuleni, na ninaelewa utamu wake. Lakini tazama zinavyopangwa: mwili wenye ulemavu ni maficho, na mwili mzima ndio ukweli unaosubiri ndani. Kila mageuzi ni tiba ya dakika chache.

Ya pili ni fidia. Matt Murdock, Daredevil, alitoka Aprili 1964: mvulana anamsukuma mzee asigongwe na lori, shehena ya mionzi inammwagikia machoni, anapofuka. Hapo hapo hisia zake nyingine zinapanuka hadi anajua umbo la chumba bila kukiona. Anaweza kusoma gazeti kwa kupapasa wino kwa vidole, kwa hiyo hata nukta nundu si lazima. Kinachomshinda ni vitu kama picha na skrini bapa. Wasomaji wasioona wanaompenda ni wengi, na wana haki ya kumpenda. Tatizo ni kwamba kila ukuta ambao ungemzuia mtu asiyeona, yeye ameshauruka kabla hatujauona. Mashimo ya barabarani, fomu za ofisini zisizo na nukta nundu, mwajiri anayemtazama mara moja na kufunga faili, vyote hivyo haviingii kwenye hadithi, kwa hiyo msomaji anafunga jarida akiamini kwamba juhudi binafsi zinatosha.

Daredevil huyohuyo ndiye mwenye tukio moja ninalolipenda sana. Katika toleo namba 223, mwaka 1985, kiumbe mwenye uwezo wote aitwaye Beyonder anataka kumwajiri kama wakili, na malipo anayotanguliza ni macho. Matt anaona. Kisha anaelewa kwamba zawadi hiyo ni rushwa, kwamba kuanzia sasa atakuwa mtu anayeweza kununuliwa, naye anadai irudishwe. Anarudi kwenye giza lake kwa hiari. Hakatai kwa sababu upofu ni mtamu, anakataa kwa sababu ya nani anatoa tiba na anataka nini.

Sura ya tatu ni adhabu. Dkt. Curt Connors, aliyeanza kuonekana kwenye Spider-Man mwaka 1963, ni mganga wa jeshi aliyepoteza mkono vitani. Anachunguza jinsi mijusi inavyootesha upya viungo, anajitengenezea dawa, anainywa. Mkono unaota. Mwili wote nao unageuka mjusi mkubwa mwenye hasira. Hapa kutamani mkono wako kunafanywa kuwa dhambi, na funzo lililofichwa ni baya pande zote mbili: mwenye ulemavu hajakamilika, na akijaribu kukamilika anakuwa hatari kwa jamii. Spider-Man amekuwa akipigana na mjusi huyu kwa miongo sita.

Kupona mara nyingi mno

Charles Xavier, mwalimu wa X-Men, aliletwa mwaka 1963 akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kwa watu wengi duniani yeye ndiye picha ya kwanza ya kiongozi mwenye ulemavu waliyoiona kwenye komiki au sinema. Lakini ukifuata majarida yenyewe, Xavier amesimama na kuketi tena mara nyingi kiasi kwamba kiti kimekuwa kama samani ya jukwaa. Mwaka 1983 alipewa mwili mpya uliotengenezwa maabara, akatembea. Mwaka 1991 akapooza tena. Mwaka 2019, Jonathan Hickman alipoanzisha zama ambazo wamutanti, yaani watu wanaozaliwa na vipawa vya ajabu kama hao X-Men, hufufuliwa katika miili mipya inayokuzwa ndani ya mayai, Xavier alikuwa akitembea.

Zama zile zilikuwa na mvuto mkubwa, taifa zima la walioonewa waliokishinda kifo. Ila swali liliwakera wasomaji wengi: mwili mpya ukitoka kwenye yai, unatoka na ulemavu wako au bila? Nani anaamua? Ikiwa utopia yako imefika na ndani yake hakuna hata kiti kimoja cha magurudumu, mwenye kiti ana haki ya kuuliza kama alialikwa.

X-Men ndio waliolichungulia swali la tiba kwa karibu kuliko wote. Mwaka 2004, Joss Whedon na mchoraji John Cassaday walianza Astonishing X-Men kwa daktari Kavita Rao kutangaza kwamba umutanti ni ugonjwa, na kwamba amepata dawa. Foleni zinajaa nje ya kliniki. Beast, mwanasayansi mwenye manyoya ya buluu anayeona ubinadamu wake ukimponyoka, anaitamani dawa ile kwa dhati, na Wolverine anamkasirikia vibaya, kwa sababu mmoja wao akiikubali, wote wamekubali kwamba ni wagonjwa. Sinema ya 2006 ililibeba wazo hilo, na humo Rogue, msichana anayeua kwa kugusa tu, anachagua dawa. Wengi walimlaumu. Mimi siwezi. Storm, anayeamrisha mvua na hadhuriki na kipaji chake, ana urahisi wa kusema hakuna cha kuponya. Rogue hawezi kumshika mkono mtu anayempenda.

Maumivu yapo pia

Hapo ndipo lazima tutoke kwenye komiki kidogo. Mei 1995, Christopher Reeve, aliyecheza Superman kwenye sinema, alianguka kutoka juu ya farasi akavunjika shingo. Tangu hapo hadi kifo chake mwaka 2004 alitumia mashine kupumua, na alitumia umaarufu wake wote kutafuta fedha za utafiti wa tiba ya uti wa mgongo. Januari 2000, wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wa miguu wa Kimarekani, lilionyeshwa tangazo la kampuni ya uwekezaji ambamo Reeve, kwa ufundi wa kompyuta, anainuka na kutembea. Baadhi ya watazamaji waliamini amepona kweli. Wanaharakati wenye ulemavu walikasirika: walikuwa wakidai mabasi yenye ngazi mteremko na ajira, na sasa mtu mashuhuri kuliko wote kati yao anawaambia watu wasubiri siku ya kusimama.

Lakini Reeve alikuwa na haki ya kutaka kupumua bila mashine. Yeyote anayesema kwamba kutamani tiba ni kujidharau hajakaa na mtu mwenye vidonda vya mgandamizo au maumivu ya neva yasiyolala usiku.

Aliyetupa nyenzo za kulifungua fundo hili ni mtu wa Afrika Kusini, na najiuliza kama waliomtuma Barbara kwenye kliniki ya huko waliwahi kusikia habari zake. Vic Finkelstein alizaliwa Johannesburg mwaka 1938. Akiwa kijana, mwaka 1954, alivunjika shingo akiruka kwa upondo, na tangu hapo akatumia kiti cha magurudumu. Alifungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi, akapigwa marufuku na serikali, akakimbilia Uingereza mwaka 1968. Huko, yeye na Paul Hunt walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa umoja wa watu wenye ulemavu wa mwili uliotoa tamko lake maarufu mwaka 1976. Tamko lile lilitenganisha vitu viwili: hitilafu iliyo mwilini, na ulemavu ambao jamii inamwekea mtu kwa namna inavyojenga, inavyoajiri na inavyopanga maisha. Mwaka 1983 mwanazuoni Mike Oliver aliupa mtazamo huo jina ambalo limeenea duniani, mtazamo wa kijamii wa ulemavu.

Finkelstein alikuwa na kisa cha kubuni cha kulieleza. Piga picha kijiji ambamo wakazi wote wanatumia viti vya magurudumu. Hawahitaji dari ndefu wala milango mirefu, kwa hiyo wanajenga vyote vifupi. Wanafika watu wachache wanaosimama. Wanajigonga vichwa kila saa, wana uvimbe usoni, wanapinda migongo. Madaktari wa kijiji wanawapima, wanawatengenezea kofia ngumu na mikanda ya kuwainamisha. Hawapati kazi. Mashirika ya hisani yanaanzishwa kwa ajili yao. Hakuna anayefikiria kuinua dari.

Oracle ndani ya mnara wa saa ni mtu ambaye dari yake imeinuliwa. Kompyuta ziko kwenye kimo cha mikono yake, wenzake wamezoea kufanya kazi na sauti badala ya miguu, na jeraha lake halimnyimi madaraka. Uti wake wa mgongo haukuponywa kati ya 1989 na 2011, kilichobadilika ni yaliyomzunguka. Ndiyo maana kumwondoa pale kulionekana kwa wengi kama kubomoa nyumba, hata kwa wale ambao wangeikubali tiba kesho asubuhi kwa ajili ya miili yao wenyewe.

Kiputo kitupu

Kuna toleo moja linaloonyesha kwa macho tofauti ya kuandika juu ya ulemavu na kuandika kutoka ndani yake. Ni Hawkeye namba 19 ya mwaka 2014, ya Matt Fraction na David Aja. Clint Barton, mpiga mishale ambaye ndiye Hawkeye, ameumizwa masikio na hasikii. Watu wanamsemesha, na viputo vya maneno juu ya vichwa vyao viko vitupu. Vyeupe kabisa. Wakati mwingine anasoma midomo, na tunapata neno hapa na neno pale. Kaka yake, Barney, anazungumza naye kwa lugha ya alama, na Aja amechora mikono hatua kwa hatua bila tafsiri yoyote. Msomaji anayesikia anaachwa nje. Kiziwi anayejua lugha ya alama ya Marekani anasoma moja kwa moja.

Barton alishawahi kupoteza usikivu mwaka 1983 na kuvaa vifaa vya kusaidia kusikia, halafu miaka ya 1990 akapona kimyakimya, Marvel ilipouanzisha upya ulimwengu wake wa hadithi. Wala haikuwa hadithi, ilifutwa tu. Bado picha zile za zamani zilikuwa na kazi. Mwaka 2012 mtoto wa miaka minne huko New Hampshire alikataa kuvaa kifaa chake cha sikioni, akisema mashujaa hawavai vitu hivyo. Mama yake akawaandikia Marvel. Wakamtumia picha ya jalada la zamani lenye Hawkeye amevaa kifaa chake, kisha wakamchorea shujaa mpya, Blue Ear, aliyepewa jina kutokana na rangi ya kifaa cha mtoto yule. Alianza kukivaa. Kwa mtoto yule, ukurasa uliofutwa miaka ya 1990 haukuwa jambo dogo.

Kuhusu Barbara, mambo yamegawanyika njia mbili, na zote bado ziko wazi. Katika majarida makuu, tangu 2021 ni Oracle tena, ila anatembea kwa msaada wa kifaa kilichopandikizwa mgongoni. Ni hatua ninayoiheshimu nusu. Kifaa kinachoweza kuharibika ni tiba iliyo karibu zaidi na maisha ya watu wengi kuliko muujiza wa kliniki, lakini waandishi wakikitumia tu ili aweze kuruka mapaa na kuongoza kompyuta kwa wakati mmoja, basi wamekwepa swali kwa kumpa kila kitu.

Njia ya pili ni ya mwaka 2020. DC ilimpa Marieke Nijkamp, mwandishi ambaye mwenyewe ana ulemavu, nafasi ya kuandika kitabu cha vijana kiitwacho The Oracle Code, kikichorwa na Manuel Preitano. Barbara ni msichana, amepigwa risasi, na baba yake anampeleka kwenye kituo cha kuwarekebisha vijana. Haamini mahali pale. Usiku anasikia kilio, watoto wanapotea, na msichana mmoja anamsimulia hadithi za kutisha ambazo polepole anagundua ni habari za kweli. Mwishowe anakuta daktari anayewafanyia watoto majaribio ya siri kwa nia ya kuwarekebisha, bila kuwauliza kama wanataka. Barbara anawatoa. Anawatoa akiwa kwenye kiti chake, pamoja na marafiki aliowapata humo humo, na kitabu kinaisha bila mtu yeyote kumwahidi kwamba siku moja atasimama.